Ufito Mwepesi na Samaki Mkubwa

Sisi tukaao Mwimbi, juu ya uwanda wa Ufipa, tu watu wa nchi ya juu yenye baridi, walakini hatukuwa kamwe wageni wa samaki. Upande wa magharibi nchi yetu yateremka kwa ghafula mpaka ziwa la Tanganyika, na upande wa mashariki yateremka mpaka ziwa la Rukwa. Tangu zamani samaki wakavu hupandishwa kutoka maziwa hayo mawili hata masoko yetu. Kwa hiyo tukisema habari ya mshipi na ndoana, hatusemi jambo geni katika nchi hii.

Mtazameni mvuvi wa Kasanga anapomnasa sangala mkubwa kwa mshipi wa mkono. Havuti kwa nguvu zake zote, maana ajua ya kuwa mshipi utakatika. Wala halegezi kabisa, maana ajua ya kuwa ndoana itachomoka. Samaki akikimbia, mvuvi humpa mshipi kidogo kidogo, huku akiubana kwa vidole. Samaki akisimama, mvuvi huvuta. Vidole vyake ndivyo vipimavyo nguvu ya samaki na nguvu ya uzi, na baina ya nguvu hizo mbili ndipo ulipo ustadi wake wote.

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari ya chombo kifanyacho kazi ile ile ya vidole, yaani ufito wa kuvulia trauti. Trauti ni samaki wa maji ya baridi, mwenye madoadoa, ambaye asili yake si Afrika ya Mashariki, lakini leo yumo katika mito mingi ya milima yetu. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, aliyefanyizwa kwa manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo. Na swali letu ni hili: mtu achague ufito wa uzito gani, ili ampate trauti mkubwa salama? Twasema "salama" kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni kwamba uzi usikatike. Maana ya pili ni kwamba samaki, kama mvuvi amekusudia kumrudisha majini, arudi akiwa hai, tena aendelee kuishi.

Yafaa kwanza tujue jinsi samaki huyu alivyofika kwetu. Trauti hakusafirishwa akiwa mkubwa, bali akiwa yai. Jambo hilo lilijaribiwa mara nyingi na kushindwa, kwa kuwa mayai yaliharibika meli ilipopita katika joto la ikweta. Mwaka 1864 ndipo yalipofika Tasmania yakiwa hai kutoka Uingereza, yamefungwa ndani ya kuvumwani mbichi na kuzungukwa na barafu katika merikebu iliyoitwa Norfolk. Baada ya hapo njia ikawa imefunguka. Mwaka 1890 mayai kutoka Uskoti yaliletwa Natal, katika Afrika ya Kusini, na vifaranga vyake vikatiwa katika mito ya huko.

Katika Kenya aliyeanza kazi hiyo alikuwa Ewart Grogan. Mtu huyu alisafiri kutoka kusini ya Afrika mpaka Kairo, na mwaka 1899, katika safari hiyo, alipita ziwa la Tanganyika mpaka Ujiji. Maji ya ziwa hilo ndiyo mpaka wa magharibi wa Ufipa yetu. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Leven katika Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare. Baadaye, yapata mwaka 1910, akaletwa trauti wa aina ya pili kutoka Afrika ya Kusini, yule mwenye mstari mwekundu ubavuni, aitwaye trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Marekani ya magharibi. Kutoka mito ya Aberdare na mlima Kenya samaki hawa walienezwa katika nchi nyingine za milima, na katika Tanganyika walitiwa katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini.

Haifai kusimulia habari hiyo kana kwamba ilikuwa ya heri tupu. Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliwapiga viboko Waafrika mbele ya watu katika mji wa Nairobi, na jambo hilo limeandikwa katika historia ya Kenya. Na trauti mwenyewe hakuletwa ili awe kitoweo cha wenyeji wa milima ile. Aliletwa kuwa mchezo wa wageni. Mito yake iliwekewa sheria ya ruhusa ya kulipia na ya kuvua kwa nzi wa bandia tu, na mtu aliyezaliwa ukingoni mwa mto akawa mwenye kosa akitupa ndoana yenye funza. Hata hivyo, wenyeji hao ndio waliokuwa walinzi wa mito na waongozi wa wavuvi. Walibeba fito za mabwana, wakashika nyavu, wakayajua maji kuliko wale waliowaongoza. Leo mito ile ni mali ya nchi huru, na samaki wale ni amana ya watu wote. Basi yatupasa kujifunza kazi hii kwa akili zetu wenyewe, si kwa kuigiza.

Sasa na tuitazame habari ya ufito. Kuvua kwa nzi wa bandia ni jambo la kale mno. Mwandishi Aelianus, aliyeishi Rumi yapata mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo juu ya ndoana. Ufito wao ulikuwa wa futi 6 na mshipi wao urefu uo huo. Mshipi ulifungwa penye ncha ya ufito, na samaki akikimbia mbali kupita urefu wa vyote viwili, hapakuwa na la kumfanyia.

Katika Uingereza, mwaka 1496, ulipigwa chapa waraka juu ya uvuvi wa ndoana, ambao wengi wameuhesabu kuwa kazi ya mtawa Juliana Berners. Mishipi ya siku zile ilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, na waraka ule ulipanga hesabu ya singa kwa kadiri ya samaki. Samaki mdogo kabisa alitosha singa moja. Trauti alitaka singa 9. Trauti mkubwa alitaka singa 12. Na samoni alitaka singa 15. Angalieni basi, wasikilizaji, ya kuwa swali letu la leo ni la kale kuliko miaka 500. Watu wale hawakuuliza, "Mvuvi ana nguvu gani?" Waliuliza, "Samaki atarajiwaye ni wa ukubwa gani?" Na jibu lilianzia kwenye uzi.

Baadaye yaligeuka mambo mawili. La kwanza ni gurudumu dogo la kukunjia mshipi, lifungwalo penye mpini wa ufito, ambalo lilimwezesha mvuvi kumpa samaki mshipi mrefu, kama afanyavyo yule mvuvi wetu wa Kasanga. Kabla ya gurudumu kuenea, mtu aliyenasa samaki mzito hakuwa na hila ila kuutupa ufito mzima majini, samaki auburute hata achoke, kisha autafute. Jambo la pili ni nyuzi za kiwavi wa hariri. Katika mji wa Murcia, huko Hispania, watu walimchukua kiwavi kabla hajafuma, wakamlowesha katika siki, wakamtoa tezi za hariri na kuzivuta mpaka zikawa uzi mmoja mwembamba, wenye nguvu na usioonekana sana majini. Uzi ulipotakiwa kuwa mwembamba zaidi ulipitishwa katika tundu la chuma, tena na tena. Hapo ndipo ilipotoka alama ya X, ambayo wavuvi waitumia hata leo: 1X ulikuwa uzi uliopitishwa mara moja, na 4X uliopitishwa mara nne. Kila hesabu inapozidi, uzi huwa mwembamba zaidi, na huzidi kuwa dhaifu.

Fito nazo ziligeuka. Palikuwa na fito za mti mgumu uitwao grinihati, utokao Guyana, nazo zilikuwa imara lakini nzito, zikauchosha mkono kabla jua halijapanda. Kisha mafundi wa Marekani, tangu katikati ya karne ya 19, wakajifunza kupasua mwanzi kuwa vipande vyembamba vya pembe tatu na kuviunganisha sita sita kwa gundi, hata ukapatikana ufito mmoja mwembamba wenye nguvu ya maganda ya mwanzi pande zote. Mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka kusini ya China, ukaitwa wa Tonkin. Fito za namna hiyo ndizo zilizokuja Afrika ya Mashariki katika mizigo ya wageni. Baada ya Vita Kuu ya pili zikaja fito za nyuzi za kioo. Na tangu mwaka 1973 zikauzwa fito za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi kuliko zote zilizotangulia. Uzi wa kiwavi nao ulikomeshwa na nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938.

Hapo ndipo ilipozaliwa hatari tunayoizungumzia. Zamani hakuna mtu aliyeweza kuwa na ufito mwepesi mno, kwa kuwa miti haikukubali. Leo fundi aweza kufanya ufito mwembamba kama unyasi, wenye uzito wa gramu chache, na mvuvi akaona fahari kusema kwamba amempata samaki mkubwa kwa chombo kidogo namna hiyo. Fahari hiyo huilipa samaki.

Kabla hatujaeleza sababu yake, na tufahamu maana ya namba iandikwayo juu ya ufito. Watu wengi hudhani ya kuwa ufito wa namba 5 una uzito wa kitu fulani 5. Sivyo. Zamani fito zilitajwa kwa uzito wake zenyewe, na mishipi ilitajwa kwa herufi zilizoonyesha unene wake. Ilipokuja mishipi mipya isiyo ya hariri, unene ule ule haukuwa tena na uzito ule ule, pakawa na machafuko. Basi mwaka 1961 chama cha watengenezaji wa vyombo vya uvuvi huko Marekani kiliweka kipimo kimoja. Huchukuliwa futi 30 za kwanza za mshipi, nazo hupimwa. Zikiwa na gramu 7.8, mshipi ni namba 4, gramu 9.1 ni namba 5, gramu 10.4 ni namba 6. Gramu 12 ni namba 7. Na gramu 13.6 ni namba 8. Ufito hupewa namba ya mshipi uwezao kuurusha vema. Maana nzi wa bandia hana uzito wa kumpeleka mbali. Mshipi ndio urushwao, na nzi hufuata tu.

Kwa hiyo namba ya ufito, kwa asili yake, ni habari ya kurusha, si habari ya kuvuta. Lakini ufito uwezao kurusha mshipi mzito hauna budi uwe mgumu zaidi, hasa karibu na mpini, na ugumu huo ndio umvutao samaki. Mkitaka kuuona ukweli huu, fungeni jiwe la ratili moja mwishoni mwa mshipi, liwekeni chini, kisha mjaribu kuliinua kwa ufito wa namba 4 uliosimamishwa wima. Mtashangaa kuona ufito ukipindika kama upinde, na jiwe likikataa kuondoka. Ufito mrefu ni kama mzani uliogeuzwa: mkono wenu uko upande mfupi, na jiwe liko upande mrefu. Ninyi mwaona mwavuta sana, kumbe jiwe lavutwa kidogo mno.

Samaki aliyenaswa kwa ufito dhaifu basi havutwi. Huchoshwa. Hukimbia, hurudi, hukimbia tena, dakika 10, dakika 20, mpaka nguvu zake zimwishe kabisa. Mtazamaji husifu uvumilivu wa mvuvi. Sisi twasema katika lugha yetu ya kuwa pole pole ndio mwendo, na neno hilo ni kweli katika mambo mengi, lakini katika jambo hili upole wa ufito ni ukatili.

Sababu yake ni hii. Mnyama akikimbia kwa nguvu zake zote, misuli yake hutumia hewa kuliko ile aipatayo, na asidi hujaa mwilini. Mtu hupumua kwa haraka, akapumzika, akarudi katika hali yake. Samaki naye hupumua, lakini hewa aipatayo ni ile kidogo iliyoyeyuka majini. Wataalamu wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walitangaza mwaka 1992 habari ya majaribio waliyoyafanya juu ya trauti wa upinde wa mvua. Samaki waliochoshwa kabisa, lakini wakaachwa majini, walikufa 12 katika kila 100. Waliochoshwa kisha wakatolewa nje ya maji kwa nusu dakika, walikufa 38 katika kila 100. Na waliotolewa nje kwa dakika moja nzima, walikufa 72 katika kila 100. Hawakufa pale pale machoni pa watu. Walikufa katika muda wa saa 12 zilizofuata. Kwa hiyo mvuvi amwonaye samaki wake akiogelea na kwenda zake, akafurahi kwa huruma yake mwenyewe, huenda amemwaga maiti itembeayo.

Hapa sisi watu wa nchi za juu tuna neno letu la kuongeza, ambalo vitabu vya Uingereza havikulihitaji. Mito ya trauti ya Uingereza mingi haiko juu sana ya bahari. Mito ya trauti ya kwetu iko juu ya milima, na ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa chini yake maji yana joto asiloliweza samaki huyu. Nasi wa Ufipa twajua, kwa vifua vyetu wenyewe, jinsi mgeni kutoka pwani anavyohema akipanda kilima kwetu siku ya kwanza. Kwenye kimo cha mita 2,000 mkandamizo wa hewa ni kama sehemu 8 tu katika 10 za ule wa pwani, na maji nayo hushika hewa kwa kadiri ya mkandamizo huo. Tena joto likizidi, hewa huzidi kupungua: maji ya pwani yenye joto la digrii 10 huweza kushika miligramu 11 na zaidi za oksijeni katika lita moja, lakini yakifika digrii 20 hushika kama 9 tu. Jumlisheni mambo hayo mawili, kimo cha mlima na jua la mchana la ikweta, mtaona kwamba trauti wa Aberdare au Kilimanjaro ana akiba ndogo ya pumzi kuliko ndugu yake wa Uskoti. Kwa hiyo kanuni iliyo njema kule, kwetu yataka kutimizwa kwa ukali zaidi.

Tukiisha kufahamu hayo, kuchagua si kugumu. Tunaanza kwa samaki, kama walivyofanya wale wa mwaka 1496; kisha tunakwenda kwenye uzi; na ufito huja mwisho.

Katika vijito vyembamba vya msituni, ambamo samaki wengi hawafiki ratili moja, ufito wa namba 3 au 4, wenye urefu wa futi 7 au 8, watosha kabisa. Samaki huletwa mkononi kwa muda mfupi, na ufito mfupi haunaswi na matawi. Katika mito mipana zaidi, mwenye samaki wa ratili moja mpaka tatu, ufito wa namba 5 wa futi 9 ndio wa kutegemewa, na mtu mwenye uwezo wa kununua ufito mmoja tu asisite kuuchagua huo. Lakini katika maziwa madogo na mabwawa ya milimani trauti wa upinde wa mvua hunenepa, na upepo huvuma bila kuzuiwa na miti. Hapo mtu achukue ufito wa namba 6 au 7, wala asione haya. Namba 8 ni ya nzi wakubwa wazito na samaki wakubwa mno. Kwa mito yetu mingi umezidi kiasi.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini basi nisichukue namba 8 mahali pote, nikawa salama?" Jibu ni kwamba ufito mgumu una kosa lake. Kazi mojawapo ya ufito ni kupindika, ili samaki arukapo kwa ghafula uzi usipate mshtuko wote. Ufito mgumu hauukingi uzi mwembamba. Uzi wa 6X ukifungwa kwenye ufito wa namba 8 hukatika kwa samaki wa kwanza arukaye, naye huondoka na ndoana kinywani. Kwa hiyo ufito na uzi lazima vipatane: uzi wa 5X au 6X kwa namba 3 na 4, 4X au 5X kwa namba 5, 3X au 4X kwa namba 6, na mzito zaidi kwa namba 7 na 8. Na kwa kuwa nailoni ya leo ina nguvu mara kadhaa kuliko uzi wa kiwavi wa unene ule ule, hapana udhuru wa kutumia uzi mwembamba kuliko unavyohitajiwa. Mtu atumie ule mnene kuliko wote ambao samaki hataukataa.

Baada ya chombo, mkono. Samaki akiisha kunaswa, msiusimamishe ufito wima juu ya kichwa, kama watu wafanyavyo katika picha. Hapo ncha peke yake ndiyo ifanyayo kazi, nayo ni dhaifu. Tena samaki akiwa karibu, ncha yaweza kuvunjika. Ushusheni ufito, mkaulaze upande, ili sehemu nene iliyo karibu na mpini ipindike nayo. Samaki akielekea kulia, mvuteni kushoto. Akigeuka, nanyi geukeni. Samaki avutwaye kichwa upande hawezi kuogelea sawasawa, naye huchoka roho kabla hajachoka mwili. Tena shukeni ukingoni mpaka muwe chini yake katika mkondo, ili apigane nanyi na maji pia, badala ya ninyi kupigana naye na maji. Lakini msiuelekeze ufito moja kwa moja kwa samaki, maana hapo hakuna kilichobaki cha kupindika, na uzi utakatika.

Wavuvi wengi wa siku nyingi hujiwekea kipimo cha dakika moja kwa kila ratili ya samaki. Si sheria, lakini ni kipimo chema. Kama samaki wa ratili tatu akuchukua dakika 15, ufito wako ni dhaifu mno kwa maji yale, au mkono wako ni wa woga.

Kisha mchukueni kwa wavu laini usio na mafundo, naye akae ndani ya maji. Loweni mikono kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu humvua ule ute umkingao na maradhi. Kibanio kidogo cha ndoana kikiisha kubanwa kwa koleo tangu nyumbani, ndoana hutoka kwa kugeuzwa tu. Mtu akitaka kumwinua ili amtazame, azuie pumzi yake mwenyewe. Pumzi ikimwuma, ajue ya kuwa samaki naye aumwa, tena amekwisha kukimbia mbio. Na maji yakifika digrii 20, yafaa kukunja mshipi na kwenda nyumbani, hata kama samaki waruka.

Mtu aweza kusema, "Ni samaki tu, tena ni mgeni, kwa nini shida yote hiyo?" Na kama amemvua kwa kitoweo, kwa ruhusa ya sheria, na amwue kwa haraka amle kwa shukrani, hakuna aibu. Lakini trauti jike hubeba yapata mayai 2,000 kwa kila kilo ya mwili wake. Kijito cha mlimani hakina majike wakubwa wengi. Mvuvi amwuaye mmoja bila kujua, kwa fahari ya ufito mwembamba, amechukua kutoka mtoni zaidi ya alichokipeleka nyumbani, wala hakupata hata kitoweo.

Neno hili si la trauti peke yake. Yule kijana wa Ufipa ashukaye kwenda Kasanga na mshipi wake, atafutaye kuhe au sangala, naye ana swali lile lile mkononi: uzi gani kwa samaki gani? Tofauti ni kwamba vidole vyake humjibu mara moja, kwa kukatwa ngozi. Mwenye ufito mwepesi hakatwi na kitu. Kwa hiyo ni lazima ajiulize mwenyewe kabla hajatoka nyumbani, maana atakayelipa kosa lake hana sauti ya kulalamika.

Basi mchague ufito kwa samaki mkubwa kuliko wote mnayeweza kukutana naye siku ile, wala si kwa yule mdogo mnayemtarajia. Ufito uliozidi kidogo humpunguzia mvuvi mchezo. Ufito uliopungua kidogo humpunguzia samaki uhai. Na kati ya hasara hizo mbili, sisi twaijua iliyo rahisi kuichukua.